Mao Shimada ametimiza miaka 17, kwa nini hayumo katika safari ya Milano?

MAMA NURU (Tabata)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuja na swali ambalo kwa wakazi wengi wa jiji letu litaonekana kuwa la mbali, lakini nyumbani kwangu limekuwa mazungumzo ya kila siku, na ninaomba mwenye kulifahamu anieleweshe.

Binti yangu Nuru ana miaka 12. Barafu aliyokua nayo ni ile ya ubuyu inayogandishwa kwenye friji na kuuzwa mtaani, pamoja na ile ya vipande ambayo wauza samaki wa Feri hulazia samaki wao. Mwaka jana mjomba wake alimpa viatu vya magurudumu, na tangu siku hiyo, jua likishapoa, huenda kuteleza kwenye uwanja wa saruji ulio jirani na kwetu pamoja na wenzake watano au sita. Kutoka hapo akaanza kutafuta kwenye simu yangu watu wanaoteleza kwa ufundi zaidi, na ndivyo alivyowapata wasichana wa Kijapani wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu: Mone Chiba, Ami Nakai na, juu ya wote, Mao Shimada. Japani imetutangulia kwa saa sita kamili, na kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, mashindano yakianza kule saa yao ikisomeka 7 jioni, hapa kwetu ni saa saba mchana. Nuru huisoma ratiba ya Kijapani kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, na huona kwamba mchezo huo umepangwa kwa ajili yake.

Sasa niseme swali lenyewe. Shimada amekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2023, 2024 na 2025, na ndiye msichana wa kwanza kulitwaa taji hilo mara tatu. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi inafanyika Milano na Cortina Februari hii ya 2026, na yeye hayumo kwa sababu ya umri. Nilimwambia Nuru kwamba kanuni inataka miaka 17. Akanijibu, "Mama, amezaliwa tarehe 30 Oktoba 2008, kwa hiyo ameshatimiza 17." Nikahesabu, nikakuta mtoto amesema kweli, nikakosa la kujibu.

Lipo na la pili, ambalo ni langu kama mzazi. Tangu aanze kuwaiga wasichana hao, Nuru hujaribu kuruka na kuzunguka hewani juu ya saruji, na sasa ni wiki ya tatu akiamka asubuhi huchechemea na kusema kisigino kinamuuma, ingawa ikifika mchana huwa amesahau. Kijana anayewafundisha anasema ana kipaji, na kwamba asipojifunza miruko mikubwa kabla ya miaka 14 hataiweza tena maishani. Je, huko Japani ndivyo wanavyowalea? Na hiyo kanuni ya umri iliwekwa kumlinda nani?


NILIYEISHI NAGOYA (Mbezi Beach)

Mama Nuru, salaam. Niliishi Nagoya, Japani, miaka minne nikiwa masomoni, na chumba changu kilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanja wa barafu wa Osu, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Kwanza mpongeze Nuru kwa hesabu yake, kisha umweleze kwamba kanuni haitazami umri wa mchezaji siku anapoingia uwanjani. Inatazama umri aliokuwa nao kabla ya tarehe 1 Julai iliyotangulia, kwa kuwa msimu wa mchezo huu huanza Julai na kumalizika Juni. Kwa Michezo ya Milano, mchezaji alipaswa kuwa ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai 2025, na siku hiyo Shimada alikuwa na miaka 16 na miezi minane. Ami Nakai, aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 2008, alikuwa amekwisha kuvuka. Wasichana hao wamepishana miezi sita tu, na mwaka 2023 walisimama pamoja kwenye jukwaa la washindi la vijana mjini Calgary, Shimada akiwa wa kwanza na Nakai wa tatu. Oktoba 2025, Nakai, akiwa katika msimu wake wa kwanza wa mashindano makubwa ya wakubwa, alishinda mjini Angers, Ufaransa, mbele ya Kaori Sakamoto ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Tarehe moja ya kalenda imepita katikati ya marafiki hao wawili, mmoja ikamwacha ndani na mwingine nje.

Kanuni yenyewe ni mpya. Zamani umri wa chini ulikuwa miaka 15. Katika Michezo ya Beijing ya Februari 2022, msichana wa Urusi, Kamila Valieva, aliyekuwa na miaka 15, alibainika kuwa na dawa iliyokatazwa katika kipimo cha Desemba iliyotangulia, na dunia nzima ikamtazama akianguka na kulia mbele ya kamera. Suala la umri lilikuwa linazungumzwa hata kabla yake, lakini baada ya Beijing halikuweza kuahirishwa tena. Juni 2022, katika mkutano uliofanyika Phuket, Thailand, wanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo walipiga kura 100 dhidi ya 16 kuupandisha umri kwa hatua: miaka 16 kwa msimu wa 2023-24 na miaka 17 kuanzia msimu wa 2024-25.

Lakini habari ambayo ningependa Nuru aijue zaidi ni ya jina. Wazazi wa Shimada walimwita Mao kwa ajili ya Mao Asada, kwa hiyo hawa wawili ni wajina kwa makusudi, kama sisi tunavyompa mtoto jina la shangazi tunayempenda. Asada alizaliwa Nagoya tarehe 25 Septemba 1990. Desemba 2005, akiwa na miaka 15, alishinda fainali ya mashindano ya Grand Prix mjini Tokyo akimtangulia bingwa wa dunia, Irina Slutskaya, na miezi miwili baadaye akaikosa Michezo ya Torino kwa sababu umri wake ulipungua siku 87. Torino iko Italia, na Milano nayo iko Italia. Miaka 20 imepita kati ya Michezo hiyo miwili, nchi ni ileile, jina ni lilelile, na kizuizi ni kilekile cha tarehe 1 Julai. Kila ninapolifikiria jambo hili hunigusa moyo. Asada alisubiri miaka minne, akaenda Vancouver mwaka 2010 akiwa na miaka 19, akafanya mruko wa Axel wa mizunguko mitatu na nusu mara tatu katika Michezo ileile, na akarudi na medali ya fedha.

Kuhusu malezi, nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Uwanja wa Osu uko katikati ya mji, karibu na hekalu na mitaa ya maduka iliyofunikwa paa, na mchana huwa umejaa watu wa kawaida waliolipa kiingilio. Wanaofanya mazoezi ya kweli hupewa muda wao kabla ya uwanja kufunguliwa au usiku baada ya kufungwa. Asubuhi moja ya Januari nilipita pale kabla ya jua kuchomoza, nikamwona mama mmoja akimshusha binti wa miaka tisa au kumi kutoka kwenye gari, mtoto akiwa na begi la magurudumu na mkononi ameshika tonge la wali lililofungwa kwa mwani, akilila huku anatembea. Nilimfuata kwa macho kupitia kioo. Alikaa chini, akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena mara ya pili kwa nguvu zaidi, akavua vifuniko vya plastiki vinavyolinda chuma cha viatu, na kabla ya kukanyaga barafu akainamisha kichwa kuisalimu. Kisha kwa karibu nusu saa hakuruka hata mara moja. Alichora mistari ya nusu duara, kwa ukingo wa ndani wa chuma halafu kwa ukingo wa nje, mbele na nyuma, huku mwalimu wake, mwanamke mtu mzima aliyevaa koti refu, akiinama kuitazama mistari ile kama anavyofanya mshonaji anayekagua mshono.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu Japani. Walimu hao ni mnyororo. Machiko Yamada wa Nagoya alimlea Midori Ito, ambaye mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kufanya Axel ya mizunguko mitatu na nusu katika mashindano, mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1992 akapata medali ya fedha Albertville. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemfundisha Asada utotoni. Mwaka huohuo wa 1992 shirikisho la Japani lilianza kuwakusanya kila mwaka watoto wenye kipaji katika kambi ya Nobeyama, mkoani Nagano, ambako hupimwa kasi, miruko, usikivu wa muziki na namna ya kujitupa angani. Shizuka Arakawa, aliyepata dhahabu Torino mwaka 2006, alipitia huko. Kwa hiyo unapomwona Shimada, unaona kazi ya watu wengi waliotangulia, na wengi wao ni wanawake ambao majina yao hatutayasikia kamwe.

Kuhusu maneno ya yule kijana anayemfundisha Nuru, sitayakataa yote. Ni kweli kwamba wasichana wengi wa Japani huwa wameshajifunza miruko ya mizunguko mitatu wakiwa na miaka 11 au 12, kwa sababu mwili mwembamba huzunguka kwa urahisi. Lakini huwa wana miaka sita au saba ya ile mistari ya nusu duara nyuma yao, na viatu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na barafu. Nuru ana mwaka mmoja na saruji.


MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA (Ilala)

Mama Nuru, nimeguswa zaidi na kisigino kuliko Olimpiki, naomba uniwie radhi kwa hilo.

Mtoto wa miaka 12 ana sehemu katika mifupa yake ambazo bado ni laini, ambako urefu unaongezeka. Kisigino kina sehemu kama hiyo, na ile kano nene ya nyuma ya mguu imejishikiza hapohapo. Mfupa ukirefuka haraka kuliko kano, kano huvuta, na kila mruko huongeza kuvuta huko, hadi sehemu ile laini ikaanza kuuma. Watoto wengi wa mpira wa miguu na wa mbio hupatwa na hali hiyo, na kwa kawaida hupona bila madhara wakipewa mapumziko, lakini kuchechemea kwa wiki tatu si jambo la kusubiri lijiondokee. Mpeleke akaguliwe na mtu aliyesomea, kwa sababu mimi sijamwona, na maumivu yanayofanana yanaweza kuwa na chanzo kingine. Kwa sasa mvue viatu hivyo, na jioni mwekee kisiginoni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi hadi kumi na tano.

Kuna tofauti moja ambayo kijana anayewafundisha huenda haifahamu. Anayeruka kwenye barafu hutua akirudi kinyumenyume kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjika, na uzito wake hauishii chini papo hapo, bali hutoka naye katika ule mtelezo mrefu unaofuata baada ya kutua. Hata hivyo mguu hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili, na ndiyo sababu nyonga, migongo na vifundo vya wasichana hawa huumia. Kwenye saruji yenye mchanga na nyufa, gurudumu hukwama, mtelezo haupo, na uzito wote humalizikia kwenye kisigino.

Kanuni ya miaka 17 inamlinda mtoto ambaye mwili wake uko katika kipindi hichohicho. Sababu zilizotolewa zilikuwa majeraha, msongo wa mawazo na matatizo ya kula, kwa sababu msichana akijua kwamba nafasi yake iko kabla ya mwili kubadilika, ataanza kuuogopa mwili wake mwenyewe, na hofu hiyo huanzia kwenye sahani ya chakula. Wapo walioshinda Olimpiki wakiwa na miaka 15, Tara Lipinski mwaka 1998 na Alina Zagitova mwaka 2018, na sote tuliwashangilia, lakini mimi ninayewahudumia watoto kila siku ninafurahi zaidi kumwona Sakamoto, aliyezaliwa mwaka 2000, akishinda ubingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024 bila mruko wa mizunguko minne na bila Axel ya mitatu na nusu, kwa kasi yake tu na kwa jinsi anavyoimiliki barafu.


MWALIMU WA MICHEZO (Temeke)

Nawashukuru waliotangulia. Nimefundisha michezo shule za msingi kwa miaka 19, na ninataka kuongeza kitu kimoja kinachotuhusu.

Sisi hapa tumezoea tatizo lililo kinyume. Katika mashindano ya shule, ugomvi wetu huwa ni wa mtoto aliyepitiliza umri: unamkuta golikipa ana ndevu, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa juzi, na mwalimu mwenzako anakuapia kwamba ni wa darasa la sita. Mwaka mmoja wasichana wangu wa netiboli walitolewa na timu ya shule jirani ambayo wachezaji wake wawili tulikuja kusikia baadaye kwamba walikuwa na watoto nyumbani. Wasichana wangu walilia njia nzima kutoka uwanjani hadi kituo cha daladala. Kwa hiyo ninaposikia nchi ambayo bingwa wake anakaa nje kwa miezi minne, na tarehe yake ya kuzaliwa inabaki ileile, naona heshima kubwa kwa watoto wengine wote waliokaa nje kimyakimya.

Pia tusimwambie Nuru kwamba Shimada amenyimwa kila kitu. Januari 2024 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Majira ya Baridi iliyofanyika Gangwon, Korea Kusini. Michezo ya vijana ina hadhi yake, na ya majira ya joto ya mwaka huu inafanyika Dakar, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Ningefurahi kama watoto wetu wangeisubiri kwa hamu kama Nuru anavyoisubiri ratiba ya Kijapani.


KIJANA WA KIJITONYAMA

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote kwa makini na ninaheshimu uzoefu wenu, lakini naomba kutokubaliana.

Mnazungumza kana kwamba kusubiri hakuna gharama, na mnamtaja Asada kwa sababu kwake mambo yalikwenda vizuri. Mtajeni pia Rika Kihira. Alizaliwa tarehe 21 Julai 2002, kwa hiyo aliikosa Michezo ya Pyeongchang ya 2018 kwa wiki tatu tu. Desemba 2018, akiwa na miaka 16, alishinda fainali ya Grand Prix mjini Vancouver akiwa na Axel ya mizunguko mitatu na nusu, na kila mtu akasema zamu yake ni Beijing. Desemba 2020 aliongeza mruko wa mizunguko minne katika mashindano ya taifa. Kisha kifundo cha mguu kikaumia, akashindwa kushiriki mashindano ya taifa ya Desemba 2021, na Beijing ikapita bila yeye. Hakuwahi kucheza Olimpiki hata moja akiwa mchezaji wa peke yake, na mwaka 2025 alihamia kwenye dansi ya barafu, ambako wachezaji ni wawili wawili. Je, wiki zile tatu zilimlinda na nini?

Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kanuni haikumpunguzia Shimada mruko hata mmoja. Amekuwa akiweka Axel ya mizunguko mitatu na nusu na mruko wa mizunguko minne katika onyesho lake refu tangu akiwa na miaka 14, katika mashindano ya vijana, ambako hakuna aliyemzuia. Mguu wake umebeba uzito uleule ambao mtaalamu wetu ameueleza. Tofauti ni kwamba ameubeba Calgary, Taipei na Debrecen, alikotwaa mataji yake ya vijana, mbele ya viti vilivyo wazi, badala ya kuubeba Milano mbele ya dunia nzima. Kama nia ilikuwa kulinda mifupa ya watoto, wangezuia miruko hiyo kwa watoto. Wamezuia jukwaa tu, na jukwaa ndilo peke yake lenye malipo.


NILIYEISHI NAGOYA (Mbezi Beach)

Mdogo wangu, marahaba. Kuhusu Kihira sina la kukujibu, na sitajaribu. Nilimwona akicheza, na ninaamini Japani ilipoteza kitu ambacho hakitarudi.

Kuhusu hoja ya pili nina jibu la nusu. Mwalimu anapojua kwamba mwanafunzi wake hawezi kwenda Olimpiki kabla ya miaka 17, hana sababu ya kumkamua akiwa na miaka 14 ili amalize kila kitu kabla mwili haujabadilika, kwa sababu mwili utabadilika tu kabla ya siku yenyewe. Lazima amfundishe ufundi utakaobaki baada ya mabadiliko hayo. Mtazame Alysa Liu wa Marekani: alikuwa bingwa wa nchi yake mwaka 2019 akiwa na miaka 13, akaachana na mchezo mwaka 2022 akiwa na miaka 16 kwa kuchoka, akapumzika miaka miwili, akarudi kwa hiari yake, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston akiwa na miaka 19, Sakamoto akiwa wa pili na Mone Chiba wa tatu. Miaka ile miwili ya kupumzika haikuwekwa na kanuni yoyote. Aliiweka mwenyewe, na wazazi na walimu wengi wa wasichana hawa wameitazama kwa makini.

Lakini ni nusu tu, kwa sababu umesema kweli kwamba mashindano ya vijana yanaruhusu uzito uleule. Ningependa hilo lizungumzwe, na ningependa lizungumzwe na wachezaji wenyewe.


MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA (Ilala)

Ninakubaliana na kijana. Mimi ningepunguza idadi ya miruko mikubwa inayoruhusiwa chini ya miaka 15, na ningeanza kwenye mazoezi kabla ya mashindano, kwa kuwa mtoto akifanya mruko mmoja mbele ya waamuzi amekwisha kuufanya mara mamia uwanjani kwake. Mama Nuru, umepata nafasi ya kumpeleka mtoto?


MAMA NURU (Tabata)

Ndugu zangu, nimewasoma wote, na baadhi ya majibu nimemsomea Nuru kwa sauti jioni baada ya chakula. Tulikwenda juzi Jumatano. Daktari alimbonyeza kisigino pande zote mbili, akamwambia asimame kwa vidole, akauliza maswali karibu yote ambayo mtaalamu wetu wa hapa aliyagusia, kisha akaagiza asiruke kwa wiki sita. Hakuna kilichovunjika. Viatu vya magurudumu viko juu ya kabati langu. Yule kijana anayewafundisha nilimfuata mwenyewe uwanjani, nikamweleza kwa upole kuhusu sehemu laini za mifupa, naye alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hata yeye alikuwa na maumivu kama hayo akiwa mdogo na hakuna mtu aliyemweleza. Sasa ameanza kuwafundisha wale wengine nusu duara kwa chaki aliyoichora chini. Mistari hiyo ndiyo Nuru ataanza nayo akirudi.

Ya Kihira nayo nilimwambia. Nilisita, kwa sababu nilitaka abaki na ile ya Asada peke yake, lakini ameshakuwa mkubwa wa kutosha kusikia zote mbili. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akachukua daftari la hisabati akaanza kuhesabu. Shimada atakuwa na miaka 21 Michezo itakapofanyika katika milima ya Alps ya Ufaransa mwaka 2030. Yeye mwenyewe amezaliwa Novemba 2013, kwa hiyo tarehe 1 Julai 2029 atakuwa na miaka 15, na haruhusiwi. Akaendelea hadi Michezo ya Utah ya 2034, akaweka alama ya vema, kwa sababu kabla ya tarehe 1 Julai 2033 atakuwa na miaka 19.

Ninapoandika haya ni saa saba mchana ya Jumamosi. Amelala kwenye kochi, mguu ukiwa juu ya mto, na kisiginoni amewekewa barafu mbili za ubuyu zilizofungwa kwenye khanga kwa sababu ile ya vipande ilikwisha. Anamtazama Asada wa Vancouver kwa mara ya nne leo, na kila inapofika ile Axel ananiita nikatazame mguu unavyotua.